Jioni ya Bajeti Ngamiani

Siku ile ya Mei 2025 alipotangazwa kufariki Cleopa Msuya, nilikuwa sebuleni na binti wa mdogo wangu, msichana mwenye shahada ya biashara ambaye sasa anauza nguo kwa simu. Aliitazama picha ya marehemu kwenye runinga akaniuliza, "Baba mkubwa, huyu alikuwa nani?" Nikamwambia alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, na Waziri wa Fedha zaidi ya mara moja. Ndiye tuliyekuwa tukimsikiliza akisoma bajeti. Akatikisa kichwa, kisha akauliza kwa moyo mweupe kabisa: "Bajeti ndiyo ile ya TRA?" Yaani Mamlaka ya Mapato, wanaokusanya kodi.

Binti huyu analipa kodi kila siku ya Mungu. Anakatwa akituma fedha, akinunua umeme, akijaza mafuta kwenye pikipiki ya dereva wake, akinunua vocha. Lakini hajapata kukaa mahali akasikia fedha hizo zikigawanywa. Kwake Serikali ni mkono unaopokea tu. Mkono wa pili, ule unaogawa, hajauona. Usiku ule nilikosa usingizi, nikawa namfikiria mzee mmoja mwenye duka.

Duka lenyewe lilikuwa Tanga, Ngamiani, kwenye kona ya mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Lilikuwa na mlango mmoja wa mbao wenye komeo la chuma, na baraza ya saruji iliyolainika kwa kukaliwa. Mwenyewe alitoka Pangani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia yake ya viua haikumtoka kichwani. Sisi watoto tulimwita Babu, wakubwa walimwita Mzee wa Kona. Ukiingia, cha kwanza kukupokea ni harufu ya mafuta ya taa. Pipa lilikaa nyuma ya mlango, juu ya matofali, na pampu yake ya mkono ilikoroma kila ilipovutwa. Harufu ile iliingia kwenye sabuni ya mche, ikaingia kwenye chumvi, ikaingia kwenye viberiti. Mama alikuwa akilalamika kwamba hata sukari ya Mzee wa Kona inanukia taa. Ukishaizoea ndipo unapata nyingine: mbata, bizari, dagaa, na tumbaku ya kutafuna iliyofungwa kwenye karatasi za gazeti.

Tulikwenda na chupa zilizofungwa kamba shingoni. Alikuwa na kopo la kupimia, la bati, lenye kishikio kilichochomelewa. Alilijaza mpaka mafuta yakainuka ukingoni, akasubiri povu lishuke, akaongeza kidogo, ndipo akamimina kwenye faneli. Hakuwahi kumimina kabla povu halijashuka. Nimeona watu wengi wakipima vitu maishani, na wengine walikuwa na mizani ya thamani kubwa, lakini uvumilivu ule wa kungoja povu sijauona tena.

Juni ilipokaribia katikati, mji ulianza kubadilika. Sigara zilikuwa za kwanza kupotea. Sportsman haikuonekana, na Nyota iliuzwa kwa kunong'onezana. Bia zikaisha kwenye vilabu. Kisha mafuta ya taa yakaanza kuwa ya shida, na foleni za madumu zikachomoza barabara hadi barabara. Kila mtu alijua sababu. Bajeti inasomwa, bei zinapanda usiku ule ule, na mwenye mali ghalani alitaka apambazukiwe na bei mpya. Maduka jirani yalifunga mapema, yakaandika kibao kwamba mali imekwisha. Mzee wa Kona alifungua. "Nilichonunua kwa bei ya jana nitakiuza kwa bei ya jana," ndilo lilikuwa jibu lake, na wenye maduka wenzake hawakumpenda kwa neno hilo.

Jioni yenyewe ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mwaka 1984. Nimetazama kalenda ya miaka ile nikahakikisha: Juni yote ilikuwa Ramadhani. Watu walikuwa wamefunga, koo zimekauka, moshi wa futari umejaa uani. Barazani palikaa fundi cherehani, wapakiaji wawili wa bandarini, mwalimu wa chuo cha Kurani, na baba yangu, aliyekuwa fundi reli, na mikono yake bado ina grisi. Redio ilikuwa juu ya kaunta, imewekewa betri mpya, na waya wa erio umepitishwa dirishani. Sauti ya Waziri ilikuja ikienda, ikamezwa na mvumo, ikarudi.

Kuna jambo ambalo kijana wa leo anapaswa kulielewa. Hotuba ya bajeti ni ndefu, na sehemu kubwa ya mwanzo haina bei ndani yake. Inaeleza hali ya uchumi, mazao, fedha za kigeni, na kiasi kinachowekwa kwenye kilimo, elimu, maji, barabara. Sehemu hiyo watu waliipigia soga. Walizungumzia mpira, walizungumzia mume wa fulani. Mzee wa Kona peke yake ndiye aliyeinama, sikio limekaribia kitambaa cha spika, akiinua kiganja kutuomba tunyamaze. Waziri alipoingia kwenye kodi, ghafla kila mtu akawa msikivu.

Mwaka ule yalisomwa makubwa. Ruzuku ya sembe iliondolewa. Shilingi ilishushwa, dola iliyokuwa kwa takriban shilingi 12 ikawa 17. Na mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Wanauchumi wameandika vitabu juu ya bajeti ile, kwamba ndiyo iliyogeuza usukani kabla ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Barazani kwetu ilipimwa kwa sembe. Baba alihesabu kwa vidole, kaya yetu inakula kilo ngapi kwa wiki, akahesabu tena, akakunja vidole vyake. Hakusema neno. Fundi cherehani ndiye aliyesema, "Sasa wametuacha."

Adhana ya magharibi ikalia. Mzee akagawa tende kutoka kwenye karatasi, mojamoja, nasi tukafungua. Baada ya hapo watu wakaanza kuinuka. Walikuwa wameshasikia bei, na futari ilikuwa ikipoa. Hotuba ilikuwa bado haijafika mwisho. Ilibaki ile sehemu ya majumlisho, ambapo Waziri hutaja mapato yote ni kiasi gani, matumizi ya kawaida kiasi gani, ya maendeleo kiasi gani, na pengo litazibwaje. Mzee wa Kona akawatazama wakiingia majumbani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mmesikia anachochukua. Anakokipeleka hamtaki kusikia?"

Kisha akafungua daftari.

Lilikuwa daftari lake la madeni, lile la jalada gumu ambalo kila duka la mtaani linalo. Mbele alikuwa ameandika wadeni: fulani sukari robo, fulani mchele kibaba. Ukiligeuza juu chini, ukaanzia nyuma, kulikuwa na mdeni mmoja tu, naye ni Serikali. Kurasa zake zilikuwa na safu mbili. Ya kwanza ilikuwa kilichosemwa, ya pili kilichofika. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni Pangani, kwa hiyo gazeti la herufi za Kirumi lilimpa taabu. Hapo ndipo mimi nilipopata kazi. Kwa wiki nyingi baada ya siku ya bajeti, Bunge lilikuwa likipitisha wizara moja baada ya nyingine, na gazeti la *Uhuru* likiandika. Mimi nilimsomea jioni, naye akaandika. Visima. Zahanati. Dawa. Vitanda. Barabara ya Pangani, ambayo kila alipoisikia ikitajwa, kwenye redio au mdomoni mwa kiongozi, aliiandika upya, kwa mwaka mwingine, akaacha safu ya pili wazi.

Juni iliyofuata alirudi nyuma ya daftari, akapitia. Kilichofika alikipigia mstari, kwa haki. Kisima kilichochimbwa alikipigia mstari hata kama yeye hakuteka maji yake. Hakuwa mpinzani wa Serikali, na mtu akiitukana dukani kwake alimkatiza. Alikuwa akiidai, na alitaka deni lake liandikwe sawasawa. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua wakati hakuna atakayemlipa, alinijibu: "Mwenye kudaiwa akijua hakuna anayeandika, hulipa anapopenda."

Maneno yale yaliniingia. Mwishoni mwa miaka ya themanini niliajiriwa kuwa karani wa hesabu kwenye halmashauri moja ya wilaya, na humo nilikaa mpaka nilipostaafu. Nikaona kwa ndani kile ambacho mzee alikuwa akikidaka kwa sikio.

Fedha za umma, kodi na ushuru na mikopo na misaada, huingia kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina. Katiba imesema hivyo, na imesema pia hazitoki humo ila kwa idhini ya sheria. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Matumizi yamegawanywa kwa mafungu, kila wizara na kila mkoa na fungu lake. Mkoa wa Tanga ni Fungu 86. Ndani ya fungu kuna vifungu na kasma, mpaka ufike kwenye karatasi ya chapa, posho ya safari, na mafuta ya gari la wagonjwa. Vitabu vya makadirio ni vinne. Cha kwanza ni cha mapato, cha pili matumizi ya kawaida ya wizara, cha tatu ya mikoa, cha nne matumizi ya maendeleo. Nilipovishika mara ya kwanza nilitetemeka kidogo, kwa sababu humo ndimo vilimokuwa visima vya Mzee wa Kona, vimeandikwa kwa tarakimu.

Safari ya kufika humo huanza miezi mingi kabla ya Juni. Hazina hutoa mwongozo na ukomo wa bajeti, yaani kiasi ambacho hamruhusiwi kukivuka. Vijiji na mitaa hukutana na kutaja vipaumbele, kata ikaviunganisha. Wataalamu wa halmashauri hukaa na ukomo mkononi wakaanza kukata, na baraza la madiwani likapitisha. Mkoa huchambua, kisha mnakwenda Dodoma kuchambuliwa tena. Mwananchi anaposikia jina la mradi bungeni, au anapolikosa, jambo limeshaamuliwa zamani. Mwezi Juni hakuna kisima kinachoongezwa kwa sababu mtu amekasirika barazani.

Na kuidhinishwa ni nusu tu ya safari. Hazina ikishapokea makusanyo ya mwezi, kuna wanaolipwa kwanza: deni la taifa, halafu mishahara. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa wengine. Mwaka 1996 Serikali ilipoanza utaratibu wa kutumia kile kilichokusanywa tu, tuliokuwa mwisho wa mstari tulielewa maana yake haraka. Ulitengewa milioni kumi za dawa, Septemba zikashuka mbili, Desemba hazikushuka, Machi ikashuka moja. Utaratibu ule ulikuwa na sababu nzuri. Ulizuia Serikali isichapishe fedha na kutupandishia bei zote, na mfumuko wa bei ulishuka kweli. Lakini uliacha wilaya zikiwa na makadirio mazuri kwenye karatasi na rafu tupu kwenye zahanati.

Halafu zikaja zile siku za mwisho za Juni. Fedha iliyokuwa haionekani mwaka mzima ilishuka siku chache kabla ya kufunga mwaka, na isipotumika inarudi Hazina. Ofisi ililala macho. Hati za malipo zilirundikana mpaka kwenye viti, wazabuni walikaa kwenye ngazi, mhasibu alisaini mpaka kalamu ikamchubua. Nimeona kwa macho yangu kituo kimoja kikinunuliwa makabati kwa fedha iliyokusudiwa ukarabati wa paa, kwa kuwa kabati unaweza kulipokea kwa siku moja na paa huwezi. Masika yaliyofuata makabati yalilowa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu kila aliyesaini alifuata taratibu.

Miaka hiyo kulikuwa pia na kodi ya maendeleo. Nani wa rika langu ataisahau? Mwanamume alitembea na risiti mfukoni kama anavyotembea na kitambulisho. Mgambo walifunga njia asubuhi ya siku ya gulio, na wasio na risiti wakakimbilia mashambani, wakakamatwa, wakafungwa kamba. Nilikuwa nyuma ya meza ya kuandikia risiti, na nakumbuka uso wa mzee aliyelipa kwa kuuza kuku wa mwisho. Ilipofutwa mwaka 2003, pamoja na ushuru mdogomdogo uliokuwa kero, watu walishangilia, na walikuwa na haki. Hakuna mtu mwenye akili atakayetaka zile kamba zirudi.

Lakini kuna kilichokwenda nayo ambacho hatukukitazama. Yule aliyelipa kwa kuku alikuja ofisini kuuliza. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji, akiwa na risiti yake mkononi, akauliza darasa liko wapi, na diwani alilazimika kumjibu kwa sababu fedha ilikusanywa pale pale na watu wanajuana. Halmashauri zilipofidiwa kwa ruzuku kutoka Hazina, macho ya wakubwa wetu wa ofisi yaligeuka. Tulianza kutazama Dodoma na Dar es Salaam. Mwananchi naye akaanza kutazama pembeni. Fedha ilikuwa imekuja kutoka mbali, haikuwa kuku wake. Kwa maoni yangu hapo ndipo mazungumzo ya bajeti yalipoanza kufa mitaani, na hatukuwa na la kuweka mahali pake.

Mzee wa Kona aliyaona hayo mwanzo wake tu. Alifariki wakati duka lake limeshabaki na viberiti na chumvi, maana maduka ya jumla yenye mali kutoka Dubai yalikuwa yamefunguliwa kila upande, na bei haikuwa tena ya kutangazwa na mtu. Wanawe walipangisha nyumba, wakaiuza. Aliyeinunua aliivunja, baraza na yote, akajenga fremu za ghorofa. Niliwauliza wanawe juu ya daftari. Walilitafuta, na hawakuliona.

Mengine nitayapitisha haraka, maana yalipita haraka. TRA ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996, VAT ikaingia Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Tarehe hizi ni sahihi, lakini mtaani kodi ya ongezeko la thamani haikufika siku moja. Iliingia kidogokidogo ndani ya bei, na mnunuzi hakuiona. Mashine za risiti zikaja. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa sana ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Wachakachuaji walibanwa kweli, na pamoja nao wakabanwa watu wa vibatari. Kama Mzee wa Kona angekuwa hai, angeimimina ile lita kwa mkono mzito.

Mwaka 2013 utaratibu wa Bunge ukageuzwa. Zamani mwaka mpya wa fedha ulianza wabunge bado wakijadili wizara, mpaka Agosti. Sasa wanaanza Aprili na kumaliza kabla ya Julai. Hilo ni badiliko jema, nami kama mtu wa hesabu nililipokea kwa mikono miwili. Lakini mwaka 2016 matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya kawaida yakasitishwa kwenye televisheni ya taifa, na mjadala wa mafungu ukapungukiwa masikio wakati ule ule ulipopangwa vizuri zaidi.

Na mjadala wenyewe umekuwaje? Nilikuwa nikipenda saa ya Kamati ya Matumizi, pale mbunge aliposimama kushika shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka aambiwe ni lini daraja litajengwa. Ile shilingi moja ilikuwa na uzito. Siku hizi nasikia mbunge akitumia dakika zake zote kueleza kwamba jimbo lake halina maji, halina barabara, halina daktari, kisha anamalizia kwa kuunga mkono hoja kwa asilimia mia. Ninaelewa ugumu uliopo. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, na mbunge gani anataka kurudi kwenye uchaguzi? Hata hivyo aliyetumwa kusema ana wajibu wa kusema kabla hajaafiki, na kung'ang'ania hata fungu moja.

Kisha ikaja Julai 2021, tozo za miamala ya simu. Hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nchi nzima iliijua kodi kwa jina, kwa sababu kila mtu aliiona ikikatwa mbele ya macho yake. Watu walipiga kelele, na Serikali ikapunguza, ikapunguza tena. Serikali nayo ikawa inaonyesha madarasa na vituo vya afya vilivyojengwa kwa fedha ile. Huo ndio mwaka pekee niliosikia kwenye kijiwe cha bodaboda vijana wakibishana kituo gani kimejengwa na kipi hakijajengwa. Kodi ya jengo ikahamia kwenye umeme, ikatulia humo, na hakuna tena anayeizungumza. Nimejifunza kutokana na hayo kwamba kodi inayoonekana huzaa maswali, na iliyofichwa ndani ya bei huzaa usingizi. Kwa mtawala, usingizi ni raha. Kwa anayesubiri dawa, ni hasara.

Bajeti ya mwaka 2016/17 ilikuwa shilingi trilioni 29.5. Ya 2025/26 ni trilioni 56.49. Tarakimu hizi zimekuwa kubwa kiasi kwamba mtu wa kawaida hana pa kuzishikia. Mzee wa Kona angesema tafuta ile unayoweza kuipima kwa kopo. Mimi nimeitafuta, na ninayo moja.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) uliweka ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Fedha hiyo ni ya chaki, vitabu, mitihani, ukarabati wa dawati na choo. Elimu bila malipo ilipotangazwa upya mwaka 2016, kiwango kilikuwa kile kile, 10,000. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zilizokwenda shuleni. Bei za kilo ya sukari za mwaka 2002 na 2016 kila mama anazijua. Miaka yote hiyo bajeti ya nchi ilikuwa ikipanda, na kopo la mtoto lilikuwa lile lile. Hakuna waziri aliyelificha jambo hili. Liko kwenye nyaraka, limesemwa na walimu wakuu kwenye vikao, na mzazi anayetaka kujua shule ya mwanawe imepokea kiasi gani anaweza kulikuta kwenye ubao wa matangazo wa shule, na asipolikuta ana haki ya kuliulizia.

Siku hizi mambo yako wazi kuliko wakati wa redio yetu yenye mvumo. Wizara ya Fedha inatoa toleo la bajeti la mwananchi, kwa Kiswahili, la bure. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu inawekwa bungeni kila Aprili. Mkutano wa kijiji na wa mtaa unatakiwa kusomewa mapato na matumizi. Kinachokosekana ni watu wa kuandika kilichosemwa na kurudi mwakani kukilinganisha na kilichofika. Kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu mmoja kwa kila mtaa, mwenye daftari la mistari au simu yake, bila kumtukana mtu yeyote.

Na waifanye kwa wakati wake. Nimekaa upande wa pili wa meza, nawaambia kile nilichokiona: ukomo ukishashuka, kati ya Desemba na Februari, ndipo kasma zinapokatwa na kuongezwa. Katika wiki hizo vikao vya kata huwa na viti vitupu, na diwani anayekuta viti vitupu hupeleka anachotaka. Aliyekuja kikaoni na mahesabu ya choo cha shule mkononi, tuliyaandika, na mara nyingi yalipita, kwa sababu ni vigumu sana kufuta jambo ambalo mtu amesimama akalitaja kwa kiasi na mahali. Aliyekuja kulalamika Juni tulimwonea huruma, tukamwambia asubiri mwaka mwingine.